Kanga na Reki Zilizofungwa Utepe

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa karibu na mlango nao waitikie. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumetimia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vikao kama watu, palikuwa na kilima kimoja kibaya. Kilikuwa kibaya kwa miguu, si kwa macho. Jiwe hapa, jiwe pale. Korongo hapa, korongo pale. Ukipanda unateleza, ukishuka unaanguka. Kati ya mawe paliota nyasi. Kila kiangazi nyasi zilikauka, na kila zilipokauka moto ulikuja.

Juu ya kilima hicho aliishi Kanga. Kanga alikuwa na haya. Akitaka kusema neno, kwanza alisema samahani, halafu alinyamaza, halafu neno lenyewe lilimpotea. Mwaka mmoja alitaga mayai kumi na sita chini ya jiwe. Moto ukaja. Kanga akaruka, akakaa mbali, akangoja. Moto ulipopita akarudi, akayakuta mayai yote kumi na sita. Hata moja halikuvunjika. Akakaa juu yake, akaatamia. Akaatamia mwezi mzima, akaatamia na nusu ya mwezi wa pili. Hakikutoka kitu.

Wanyama wakaona vibaya. Wakaitisha kikao.

Mwenyekiti alikuwa Nyati, kwa sababu alikuwa mkubwa na hakuna aliyetaka kumwambia asiwe.

Nyati akasema, "Moto unakula nyasi. Tukiziondoa nyasi mbele yake, unakosa chakula, unakufa. Mimi nitavuta gogo kubwa. Gogo litakwangua njia pana kukizunguka kilima chote."

Wakakata gogo. Nyati akalivuta. Gru, gru, gru. Kwenye tambarare likaenda vizuri. Likafika korongo la kwanza, likaingia. Halikutoka.

Wakaitisha kikao cha pili.

Ngiri akasema, "Mwenyekiti, kilima hiki hakitaki kifaa kikubwa. Kinataka kifaa chepesi, cha kubebwa mgongoni, kinachopita pale unapopita mguu mmoja."

"Gogo lilikuwa zuri," akasema Nyati.

"Lilikuwa zuri sana. Liko korongoni."

Basi wakatengeneza vifaa vyepesi. Wakatengeneza reki za miti miepesi, na Nungunungu akatoa miiba yake iwe meno. Wakatengeneza majembe ya mpini mfupi, ya kulimia umeinama kati ya mawe. Wakatengeneza fimbo ndefu zilizofungwa magome mabichi kichwani, za kuupiga moto mdogo kabla haujawa mkubwa. Wakachukua vibuyu vya maji, wakavitia kamba za kuvaa mabegani. Kamba zote alizisuka Kanga. Alisuka miezi mitatu, mdomo ukamuuma, hakusema.

Vifaa vikawa vizuri. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Vikawa vizuri mno.

Nyati akavizunguka mara mbili. Akasema, "Vifaa kama hivi haviwezi kuanza kutumika hivi hivi tu, kama ufagio wa jikoni. Lazima vizinduliwe. Tumwalike mgeni rasmi."

Wote wakaona ni kweli. Hata Kanga aliona ni kweli. Wakafunga kila reki na kila jembe kwa utepe wa mmea mwekundu unaotambaa. Wakavipanga pangoni. Pango halikuwa na mlango, kwa hiyo wakamweka Kobe. Kobe akakaa pale penye uwazi, akawa yeye ndiye mlango.

Mgeni rasmi alikuwa Tembo, wa ng'ambo ya mto. Tembo akajibu kwamba atakuja mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama. Tembo hakuja. Akaja Yangeyange, ndege wake wa kutumwa, akasema mkubwa ana shughuli nyingi, atakuja mwezi unaofuata.

Wanyama wakasema, "Mtu mkubwa lazima awe na shughuli nyingi."

Wakautumia muda ule kumjengea Tembo banda. Wakalijenga kwa nyasi kavu. Wakaweka na kiti. Kila siku jioni wakafanya mazoezi ya wimbo:

Karibu mgeni, karibu mgeni,
vifaa vyako vinakungoja.
Karibu mgeni, keti kitini,
vifaa vyako vinakungoja.

Mwezi ukaandama tena. Yangeyange akaja tena.

Nyasi zikaanza kugeuka rangi. Zilikuwa kijani, zikawa manjano, zikawa nyeupe. Ukizikanyaga zinalia, kacha, kacha. Na Kanga, chini ya jiwe lile lile, alikuwa ametaga mayai kumi na saba.

Akaenda pangoni.

"Samahani, Bwana Kobe."

"Karibu, Bi Kanga."

Kanga akanyamaza. Akatazama miguu yake. Kisha akasema, "Naomba niazime reki moja. Niondoe nyasi kuyazunguka mayai yangu. Nitairudisha leo leo."

Kobe akafikiri. Kobe hajibu haraka. "Reki haijazinduliwa," akasema.

"Najua."

"Ukiitumia itachafuka. Mgeni rasmi atazindua kitu kichafu?"

"Nitaiosha."

"Ukiiosha utepe utalowa."

Kanga akainamisha kichwa, akarudi zake. Akayatazama mayai. Akaanza kuchakura kwa kucha zake mwenyewe, huku akiimba polepole asisikike:

Kwaru, kwaru, nyasi ondoka,
kwaru, kwaru, udongo baki.

Kila siku alichakura kidogo, kwa sababu ndege anayeatamia hawezi kutoka kwa muda mrefu. Mayai yanapoa. Kwa siku kumi alichakura hatua sita. Kilima kilikuwa na hatua zisizohesabika.

Akaenda kwa Nyati.

"Samahani, Mwenyekiti."

"Sema, Bi Kanga. Wimbo umeshaujua?"

"Nimeujua. Mwenyekiti, nyasi zimekauka. Tungefungua vifaa kwanza, mgeni akija tuvifunge tena."

Nyati akacheka kwa upole, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto. "Mama, subira huvuta heri. Mgeni akivikuta vimeshatumika tutamwambia nini? Kwamba tumempa kisogo?"

Kanga akainamisha kichwa, akarudi zake. Kwaru, kwaru.

Siku ikafika. Yangeyange alileta habari kwamba safari hii ni kweli, Tembo anakuja leo, jua likiwa kichwani. Wanyama wakaoga. Wakajipanga mistari miwili mbele ya pango. Nyati akasimama mbele. Kobe akafutwa vumbi.

Jua likafika kichwani. Chini bondeni kukaonekana kitu. Kiliinuka, kikapanuka, kikawa kama wingu limesimama juu ya nyasi.

Nyati akasema, "Lile ni vumbi la msafara wake."

"Anakuja na watu wengi," akasema Nungunungu.

"Mtu mkubwa lazima aje na watu wengi."

Ngiri akanusa. Pua ya Ngiri ni ndefu. Akasema, "Vumbi hilo linanuka moshi."

"Wamepika njiani," akasema Nyati. "Wimbo, tafadhali."

Wakaimba. Karibu mgeni, karibu mgeni. Vumbi likasogea. Karibu mgeni, keti kitini. Kukasikika sauti, tata, tata, tatata.

"Ngoma hizo," akasema Nyati. "Wamekuja na ngoma zao."

Kanga alikuwa kwenye mayai yake, juu ya wote, na kutoka pale alikuwa anaona bonde lote. Hakuona Tembo. Aliona panzi wanaruka wote upande mmoja. Aliona sungura na panya wanakimbia pamoja na nyoka, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyuma yao aliona wekundu. Akayatazama mayai kumi na saba. Zilikuwa zimebaki siku nne. Ukiweka sikio ulisikia, to, to, ndani kwa ndani.

Kuruka angeweza. Mwaka ule mwingine aliruka.

Akayafunika kwa udongo, akashuka mbio mpaka mbele ya mistari miwili, mbele ya Mwenyekiti. Hakusema samahani.

"Huo ni moto."

Wimbo ukakatika.

Nyati akasema, "Bi Kanga, mgeni yuko njiani."

"Aliye njiani ni moto. Na ninyi mnamwambia karibu."

Hapo wakatazama tena. Ukishaambiwa kitu, unakiona. Wote wakauona. Wakageukia pangoni, na mlangoni palikuwa na Kobe.

Kobe akasema, "Sina ruhusa." Akaingiza kichwa. Akaingiza na miguu. Ukawa mlango umefungwa.

Ngiri akagonga gamba kwa pembe, ko, ko. "Mtani, toka. Nikikubiringisha utafika mtoni."

"Nibiringishe," ikasema sauti ndani. "Kanuni zitabaki."

Ngiri akainama akatia pua chini yake, akasukuma. Kobe hakutikisika. Alikuwa amekaa pale miezi mingi, mlango ulikuwa umemzoea.

Kanga akamsogelea. Akasema kwa sauti ndogo, na wote wakanyamaza kwa sababu sauti ilikuwa ndogo.

"Kobe, unaingia ndani kwa kuwa unadhani moto hautafika humo. Mwaka ule, moto ulipopita, maganda ya mayai yangu yalibaki mazima. Hata moja halikupasuka. Niliyaatamia mwezi na nusu. Maganda hayakuungua, Kobe. Walioungua ni waliokuwa ndani."

Tata, tatata, bondeni.

Kichwa cha Kobe kikatoka kidogo.

"Wote?" akauliza.

"Kumi na sita."

Kobe akafikiri. Kisha akasogea hatua moja upande. Hatua moja ya Kobe si jambo dogo, ilichukua muda. Kanga hakungoja iishe. Akaruka juu yake, akaingia, akashika utepe wa kwanza kwa mdomo, akaukata. Kwacha. Akakata wa pili. Kwacha. Wakaingia wote, wakakata, na zile tepe nyekundu zikaanguka chini, zikakanyagwa.

Nyati akasema, "Tulime njia kukizunguka kilima chote."

"Hapana," akasema Kanga. "Hatuna muda. Jiwe haliungui. Anzeni kwenye jiwe, malizieni kwenye jiwe. Nyasi zilizo katikati ndizo za kuondoa. Korongo lenye mchanga liacheni, limeshajilinda lenyewe. Nifuateni mimi, hapa napajua kwa kucha."

Wakamfuata. Ngiri akashika jembe fupi, akapita kati ya mawe ambapo hata gogo jembamba lisingepita. Puku, puku. Nungunungu akaja nyuma na reki yenye miiba yake. Kwaru, kwaru. Jiwe kwa jiwe, jiwe kwa jiwe. Kilima kibaya kikawa kinawasaidia, maana kila penye jiwe kazi ilikuwa imeshafanyika. Nyati hakupenya kwenye mawe. Akavaa vibuyu kumi vya maji, akasimama pale alipoambiwa asimame.

Moto ukafika.

Ukaja kwa kelele, ukafika kwenye mstari wa udongo, ukasimama. Ukatafuta kulia, ukakuta jiwe. Ukatafuta kushoto, ukakuta korongo. Ukarusha cheche juu ya mstari. Cheche moja ikaangukia nyasi, fu. Wakaipiga kwa fimbo za magome, pwa, pwa, pwa. Ikafa. Ikaja nyingine, pwa, pwa. Nyati akamwaga kibuyu. Moja ikatua hatua mbili tu kutoka kwenye mayai, na Kanga akaipiga mwenyewe, kwa mbawa, kwa kuwa fimbo zote zilikuwa mikononi mwa wenzake. Bawa likaungua upande. Cheche ikafa.

Moto ukakaa pale kwa muda, hauna chakula. Ukawa mdogo, ukawa moshi, ukawa majivu.

Banda la mgeni rasmi lilikuwa nje ya mstari. Liliungua lote, pamoja na kiti.

Kesho yake, jua likiwa kichwani, Tembo akaja. Aliwakuta wanyama wana masizi mpaka masikioni. Reki zimepungukiwa meno. Mipini imekuwa myeusi. Utepe hakuna.

Nyati akainama mpaka pembe zikagusa chini. "Mkubwa, utusamehe. Tumevitumia kabla hujafika."

Tembo akavitazama vile vifaa. Akatazama mstari wa udongo unavyoruka kutoka jiwe hadi jiwe. Upande mmoja weusi, upande mmoja nyasi.

"Jana nilikuwa njiani," akasema. "Nikauona moshi. Nikasimama, nikangoja uishe."

Ngiri alikuwa ananoa jembe, akaendelea kunoa.

Tembo akaomba ruhusa ya kusoma hotuba yake. Wakamwambia asome, ila wao wana kazi. Akaisoma, ilikuwa ndefu. Waliomsikiliza ni Yangeyange na Kobe.

Siku ya nne mayai yakapasuka. Yalikuwa kumi na saba, wakatoka vifaranga kumi na watano. Mawili moshi uliyashinda. Kanga akangoja siku moja zaidi juu ya yale mawili, kisha akainuka, akawaongoza waliopo kwenda kutafuta chakula, na yeye mwenyewe, mwenye bawa bovu, ndiye aliyekuwa mbele.

Basi wenzangu, wadogo na wakubwa, hadithi hii inasema hivi: chombo cha kukuokoa kitumie siku unayokihitaji, kikiwa kipya au kichafu. Chombo kinachomngoja mgeni hakimwokoi mwenyeji.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipoishia. Mimi nimeitua, aliye na nguvu aibebe.