Kwa Nini Kidole cha Pete Humfuata Mdogo Wake

Nianze na kosa langu, Mungu anisamehe. Wiki iliyopita nilimfunga mwenzenu Salha kidole cha pete na cha mwisho kwa uzi wa katani, maana nimechoka kusema. Kila siku nasema: kwenye besi vidole hivyo viwili hubonyeza uzi pamoja. Kila siku yeye hukiachia kile cha mwisho uzito wote, sauti inakwaruza kama bawaba yenye kutu. Nikafunga, nikakaza. Akalia, akaondoka. Sasa acheni kugongagonga hizo besi, nyote, niwaeleze nilichopaswa kumweleza yeye.

Zamani sana, kila kidole kilikuwa na nyumba yake, hakimjui jirani. Ndipo seremala mmoja, Shaame, akaunda besi ya kwanza, kubwa kama kabati, akauita mkono wa kushoto kazini. Gumba akapewa kukaa nyuma ya shingo ya besi. Nyuma, Khatibu! Gumba lako linachungulia tena! Shahada akashika mahali pa kwanza, Kati akamfuatia. Mahali pa mwisho wakapewa ndugu wawili, Pete na Mdogo, washike pamoja.

Pete akautazama uzi mnene wa besi, uliosokotwa kwa utumbo. "Mimi na pete yangu hii ya fedha, nikachubuliwe na utumbo wa mbuzi?"

"Kaka, peke yangu siuwezi."

"Jikaze. Umezoea kuchokonoa masikio tu."

Ikafika harusi ya binti yake Shaame, na mpiga besi ni baba mwenyewe. Tangu adhuhuri Mdogo alibonyeza peke yake, na Pete kasimama juu, anawaonyesha wanawake pete yake. Ilipofika alasiri ngozi ya Mdogo ilipasuka, kifundo kikapinda kinyume. Besi ikakoroma. Mwimbaji akanyamaza, biharusi akainamisha uso kwa aibu. Shaame akaona damu kwenye shingo ya besi, akajua kwamba mkono ule ukiharibika, hatapiga tena maishani. Akailaza besi chini, akaomba.

Mwenyezi Mungu hakumkata Pete, wala hakulitangaza kosa lake. Alipitisha mshipa mmoja ndani ya ngozi, taratibu, kutoka kwa Pete hadi kwa Mdogo. Shaame akainua besi, akajaribu. Mdogo aliposhuka, Pete naye akashuka, atake asitake.

"Kumbe uzi mzito hivi!"

"Nakwambia tangu adhuhuri, kaka."

Sauti ikatoka imeshiba, na biharusi akainua uso.

Tangu alasiri ile hadi kwenye mikono yenu hiyo, mambo ni hayo. Kunjeni kidole cha mwisho peke yake. Mnaona? Cha pete kinafuata, hata mkikikataza. Besi yenyewe haikuhitaji zaidi ya hapo. Mungu alikwisha kuvifunga kwa ndani, bila kumliza mtu, nami mtu mzima, na swala zangu tano, nikaongeza katani juu yake.

Nimekwenda kwao Salha mara mbili. Mara zote mbili kajifungia chumbani, na mama yake ananitazama tu. Nyinyi atawafungulia. Mkitoka hapa mpitieni, mwambieni mwalimu anaomba radhi na uzi ameutupa. Mwambieni arudi kesho.