Gari la Marehemu Baba Yake Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mmekaa?

Tumekaa, na mikeka tumetandika!

Basi ngojeni kwanza niungame, maana hadithi hii siwezi kuiingia na moyo mchafu. Niliwahi kuuza baiskeli nikamwambia mnunuzi kwamba askofu aliipanda siku ya kipaimara. Askofu hata kuiona hakuiona. Yule bwana akaubusu usukani, akaichukua bila kupatana bei. Nimekwenda kwa padri, nimepewa rozari, nimeisali yote. Ila mpaka leo najiuliza: yule alinunua nini, baiskeli au askofu?

Haya. Hapo kale, si kale sana, kale ya petroli, palikuwa na Bi Nguchiro. Alikaa na wanawe ndani ya gari. Si lori, si basi. Gari la mbio! Fupi, jembamba, limelala chini kama mjusi anayeota jua. Lilikwama porini zamani za mababu. Dereva akashuka kutafuta msaada, asirudi tena. Alikuwa nani? Hakuna ajuaye. Watoto walilala kwenye buti, mama akalala juu ya injini, wakashukuru Mungu.

Karibu na hapo palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na mwenyewe, Bwana Kiboko. Ukitaka kunywa, omba. Ukisahau kuomba, mmfuuu! Unatimuliwa na ulimi mkavu.

Siku moja akashuka Korongo kutoka ng'ambo, tajiri, mkusanyaji wa magari ya zamani. Akalizunguka gari. Akachungulia chini yake. Akagonga mdomo, ka-ka-ka-ka!

"Ajabu! Magari ya namna hii yaliundwa machache, na mengine yote yamekwisha. Kama hili ndilo lililoshinda mbio za milimani, natoa bonde zima la nyasi mbichi. Lakini lazima nijue lilikuwa la nani. Gari lisilo na historia ni mkweche tu."

Nyasi mbichi! Kiboko akatoka majini. Tindi! Tindi! Tindi!

"Gari hilo ni la marehemu baba yangu," akasema.

"Mjomba," akasema Nguchiro, "baba yako alipitaje kwenye mlango huu?"

"Ujanani alikuwa mwembamba."

"Lakini mimi nimezaliwa humu, na wanangu wamezaliwa humu."

"Kulala ndani ndiyo liwe lako? Kiroboto naye hulala kwa mbwa. Umeshasikia akiitwa mwenye mbwa?"

Wanyama wakacheka kwa nguvu. Asiyecheka utani wa Kiboko hanywi maji.

Hondohondo, dalali wa pori lile, akatangaza mnada kesho yake. Watoto wa Nguchiro wakamzunguka mama yao. "Mama, likiuzwa tutalala wapi?" Mama alikuwa anawaza, na akiwaza mkia wake hucheza, chwi, chwi, chwi.

Kesho yake pori zima likakusanyika. Hondohondo akapanda juu ya kichuguu.

"Jamani, desturi ya mnada wetu mnaijua. Mwenye mali huweka mkono juu ya mali yake, historia yake ikasemwa mbele ya watu, naye akaikubali. Akishaikubali, ni yake. Sifa zake zake, lawama zake zake, nadhiri zake zake. Nadhiri ya baba humfunga mwana. Bwana Kiboko, karibu!"

Kiboko akaweka mguu juu ya boneti. Kwaa! Boneti likabonyea. Akafungua mdomo, lakini historia haikutoka. Angeitoa wapi? Akabaki mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka.

Hapo Nguchiro akasogea mbele, mpole, kichwa chini.

"Mjomba, jana nilikukosea adabu. Niruhusu nikusaidie kukumbuka. Hili si ndilo gari lililopanda mlima kinyumenyume, baada ya gia za mbele kukatika?"

Kiboko akapumua. "Ndilo! Baba aliniambia, nami nakumbuka!"

Korongo, ka-ka-ka-ka! "Naongeza bonde la pili!"

"Mjomba, si ndilo lililovuka mto mkubwa, samaki wakaingia dirisha hili wakatokea lile?"

"Ndilo! Baba aliniambia, nami nakumbuka!"

Ka-ka-ka-ka! "Bonde la tatu!"

"Mjomba, si ndilo lililopita mbele ya Simba kwa kasi, vrruuuum, mpaka sharubu zake zikalala upande mmoja mwaka mzima?"

"Ndilo, ndilo! Baba aliniambia, nami nakumbuka! Endelea, binti yangu!" Tayari alikuwa binti yake.

Ka-ka-ka-ka! "Bonde la nne, na kilima juu!"

Kiboko akafumba macho. Alikuwa ameshaanza kutafuna.

"Na mjomba," akasema Nguchiro, taratibu kabisa, "si ndilo lililozama topeni karibu na mstari wa ushindi, marehemu akalia akaweka nadhiri? Akasema: Ee Mungu, nitoe hapa nishinde, na siku mwanangu atakapoliuza gari hili, atawaachia wanyama bwawa lote, yeye ahamie nchi kavu?"

"Ndilo! Baba aliniambia, nami nakumb..."

Kiboko akafumbua macho. Hata nzi walitua.

"Kuacha nini?" akauliza Kiboko.

"Bwawa," akasema Hondohondo.

"Bwawa!" wakasema wanyama. Swala akauliza tunaanza kunywa saa ngapi. Nyani mmoja akaondoka mbio kwenda kuchukua ndoo.

"Ni uongo!" akanguruma Kiboko. "Baba yangu hakuweka nadhiri yoyote!"

"Uongo, mjomba?" akasema Nguchiro. "Mbona umeikumbuka?"

Hondohondo akakuna shingo. "Bwana Kiboko, mambo yote manne yametoka kinywa kimoja, nawe umeyakumbuka yote manne. Ukikataa moja, tutajuaje yale matatu? Kubali yote au kataa yote."

Kiboko akatazama mabonde kule mbali, yamejaa nyasi. Akatazama bwawa. Jua likampiga mgongoni, ngozi ikaanza kuwasha. Nyasi bila maji, Kiboko atazilia wapi?

Akaondoa mguu juu ya boneti, polepole.

"Silijui gari hili," akasema. "Baba yangu alitembea kwa miguu maisha yake yote."

Korongo akafunga mdomo wake mrefu, kap. "Basi halina historia. Mkweche." Akakunjua mabawa, pu-pu-pu, akaenda zake.

Hondohondo akaita: "Mkweche, nani anataka mkweche? Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Hakuna aliyeinua hata sikio. "Basi mkweche na ubaki na kiroboto wake!" Wanyama wakacheka. Nguchiro akacheka kuliko wote. Akaingia kwake, akafunga mlango, kwap.

Mchana ule, jua likiwa kali, watoto wakamsogelea.

"Mama, nadhiri ile ilikuwa ya kweli?"

"Laleni."

"Na gari letu lilishinda mbio?"

"Nimesema laleni."

Nami nimewauliza wengi, wanangu, wala sijapata anayejua. Huenda lilishinda. Huenda lilikwama siku ya kwanza tu.

Hadithi imezima injini. Ikiwa tamu, mgawane na majirani. Ikiwa chungu, nirudishieni sufuria yangu.

Funzo lake ni hili, lishikeni sana: uongo haujengi nyumba. Mwenyezi Mungu huwapenda wasemao kweli, na msema kweli peke yake ndiye hulala pazuri.

Ila nakuomba, wewe uliyekaa karibu na njia: ukikutana na Kiboko, tafadhali, usimwambie jinsi Nguchiro anavyolala pazuri.