Wimbo wa Dubwi la Mwenyekiti

Dubwi likizimwa huamkia palepale. Vijana, kila akija kiongozi mpya mnarushiana methali hii na kucheka, lakini ilikozaliwa hamkujui. Basi tegeni masikio.

Ilizaliwa Jumamosi, tarehe tisa Agosti 2014, kesho yake baada ya Nane Nane, siku Simkoko alipofungwa mikono kwa kamba ya katani mbele ya grosari ya Mwenyekiti wa mtaa, Nzunda.

Simkoko alikuwa mwalimu wa kwaya, na alikuwa mgane. Mkewe, Sekela, alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri dawa ambayo haikuwepo. Mwaka huohuo mtaa ukapata dubwi, lile sanduku la kamari lenye taa na picha za matunda. Dawa ilikosa gari. Dubwi lilikuja na gari lake na watu wa kulipakua. Wakubwa wakitaka kitu kifike, hufika.

Nyumbani kulikuwa kimya mno. Kila asubuhi Simkoko alikwenda kukaa grosarini na soda yake, akitazama wenzake wakiliwa pesa. Mtu hutia sarafu, hubonyeza picha aitakayo, taa huzunguka ikilia, kisha husimama. Ikisimama kwenye picha yako, sarafu zinamwagika. Wapo waliolipiga makofi dubwi, wapo waliolibembeleza kwa lugha ya mama. Simkoko hakugusa kitu. Alisikiliza. Alikuwa amefundisha sauti nne watu wasiojua kusoma, na wimbo ukishapita sikioni mwake haukutoka tena.

Sasa, Nzunda alikuwa bahili wa umeme. Jioni akifunga grosari aling'oa waya wa dubwi ukutani, yuniti za LUKU zisiliwe bure. Hapo ndipo Simkoko alipolinasa. Likiwashwa asubuhi, dubwi lilianzia ubeti wa kwanza kama kwaya: embe, kengele, tikiti, tikiti, chungwa, nyota. Kesho yake tena: embe, kengele, tikiti, tikiti. Akautia sauti wimbo huo, akawa anauimba hata akinyoa ndevu, mpaka akaumaliza wote.

Ule ulikuwa ufundi, tusidanganyane. Aliwahi kabla ya wengine. Penye picha za malipo madogo alijikosesha makusudi, akalalamika kama mtu aliyeliwa. Nyota, picha inayolipa kuliko zote, ikikaribia, anaweka sarafu kwenye nyota, anakusanya, anaaga kwa adabu. Kwaya ikapata sare mpya, ikapata na kinanda.

Jumamosi ile, kabla ya kuchomeka waya, Nzunda alifungua tumbo la dubwi, akakuta utupu. Akapiga yowe la mwizi, kidole kikimwelekea Simkoko. Nanyi mnajua yowe hilo huita nini: vijana wa bodaboda walifika na mawe mikononi, wakamfunga kamba.

"Ana sumaku huyu! Mpekueni!" alifoka Nzunda.

"Tumempekua mpaka soksi, Mwenyekiti," alijibu Mwampashi, kiongozi wa bodaboda. "Ana kitabu cha nyimbo tu."

"Basi mchawi! Mwalimu wa kwaya mzima, mchawi!"

Simkoko aliyaona mawe. Akapaza sauti.

"Mwenyekiti, dubwi lako halina mchawi, lina mazoea. Lichomeke sasa hivi. Mimi nigeuzeni nitazame watu. Nikikosea picha moja, nifanyeni mtakavyo."

"Utachezaje? Mikono si imefungwa?" aliuliza Nzunda.

"Mimi naimba kwa mdomo, mzee wangu."

Watu wakacheka, na mtu anayecheka hushika jiwe vibaya. Mwampashi akachomeka waya, akatia sarafu.

"Embe," alisema Simkoko, mgongo wake ukiwa kwenye mashine.

Taa ikazunguka, ikalia, ikatua kwenye embe.

"Kengele."

Kengele.

"Tikiti. Na lingine linafuata, usibanduke."

Likaja tikiti, likafuata la pili. Mawe yakaanza kuanguka moja moja. Nzunda, jasho likimtiririka, akaruka na kuung'oa waya.

"Nimeukata uchawi!" alisema akihema. "Haya, washeni tuone kama atapata tena!"

Wakawasha. Simkoko hata hakufungua kinywa. Umati mzima ulipaza sauti: "Embe!"

Embe. "Kengele!" Kengele.

Mama Tulizo, muuza maandazi, akanyoosha mikono yake mbele. "Kumbe tu wachawi wote! Mwenyekiti, lete kamba nyingine, hiyo moja haitutoshi."

Mwampashi akamfungua Simkoko bila kungoja amri. Mwalimu akajisugua vifundo vya mikono.

"Mwenyekiti," alisema, "ungeliacha liwake usiku kucha, nisingeliweza. Dubwi likizimwa huamkia palepale."

Wiki ile mtaa mzima uliimba, mpaka gari likaja kulichukua dubwi, limefunikwa turubai. Nzunda akaanguka kwenye uchaguzi, tukashangilia. Mwenyekiti mpya akaapa kwa sauti nzito, na kabla mwaka haujaisha dubwi jipya likapakuliwa grosarini kwa shemeji yake. Ndipo watu walipoacha kuisema methali kwa mashine, wakaanza kuisema kwa wenye vyeo.

Katika mkutano wa mtaa Simkoko alisimama, akauliza swali moja. Mwenyekiti mpya alitazama saa yake. Sisi tulitazama viatu vyetu. Swali lenyewe hili:

"Dubwi likizimwa huamkia palepale, hilo tunalijua. Wimbo wa wakubwa hawa tunao kichwani, ubeti kwa ubeti. Mbona bado tunatia sarafu?"