Kasida ya Hua

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Yemen aliishi mcha Mungu aitwaye Sheikh Wahbu bin Nuaimu, mtunzi wa kasida. Mwaka mmoja alinuia kutunga kasida ya namna viumbe wanavyomsabihi Muumba wao, aisome msikitini baada ya sala ya Ijumaa.

Akafika ubeti wa mwisho, ubeti wa hua, akakwama. Asubuhi nzima alitafuta kina asikipate, na katika mkomamanga ulio dirishani pake hua aliyejenga kiota alikuwa akilia bila kunyamaza. Sheikh akapandwa na hasira. Akashika bakora, akatoka, akakipiga kile kiota kikaanguka. Pakawa kimya. Akarudi kwenye karatasi zake, na ubeti ukaja wenyewe.

Mara mkewe, Bibi Rumaisa, akaingia, viganja amevikutanisha. Alikuwa amebeba makinda mawili. Moja limekwisha kufa. La pili likafunua mdomo, likatetemeka, likafa mbele ya macho ya Sheikh.

"Bwana wangu, nani kafanya haya?"

Neno "paka" lilimfika ulimini. Akalimeza. "Ni mimi."

"Wewe! Walikukosea nini?"

"Mama yao alinipigia kelele. Nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

Sheikh akatazama karatasi, wino haujakauka. "Tasbihi ya hua," alisema. Kumbe alichokiita kelele ndicho hicho alichokuwa akikisifu!

Ijumaa ilipowadia watu walijaa hadi uani. Sheikh akasimama, lakini hakusoma. Aliwaeleza yote, asijitetee hata kwa neno moja.

Imamu akamnong'oneza, "Sheikh, si ungesoma tu? Nani angejua?"

"Hua anajua," akajibu, "na Aliyemsikia akilia anajua."

Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa akiketi chini ya ule mkomamanga akiomba maghufira, naye hua juu yake akiwaita wanawe waliokufa. Hakumfukuza, wala hakuziba masikio.

Ndugu zangu, huyo alikuwa mja mwema, na mkono wake uliua huku moyo wake ukitafuta maneno ya kumsifu Mola. Sisi je? Tumwombe Mwenye kurehemu atusamehe kwa ajili ya wale tuliowanyamazisha wakimtaja, nasi tusijue.