Kikombe cha Tabibu Ghanima

Wenye kuhifadhi habari za kale wanasimulia, na mjuzi wa yote ni Mungu, kwamba mji wa Yakutia ulitawaliwa na Sultani Dhulfikari bin Hatimu, na babu yake Sultani huyo alimshinda jini aitwaye Barkashi, akamfunga ndani ya dele la kahawa la shaba na kumpa amri mbili: awamiminie kahawa watu wa diwani, yaani baraza la Sultani, muda wote wanapojadiliana, isipungue wala isipoe, na lolote watakaloafikiana alitekeleze papo hapo. Na alama ya kuafikiana ilikuwa kugeuza vikombe. Kila aliyeketi juu ya zulia la diwani alipewa kikombe, na jambo halikupita mpaka vikombe vyote vimelazwa kifudifudi, na maadamu kimoja kimesimama hapakuwa na ruhusa ya kuinuka, awe waziri au Sultani mwenyewe. Mtu angedhani mji wenye jini wa namna hiyo haukosi kitu. Anayedhani hivyo hajapata kukaa na mawaziri.

Miaka mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, Sultani aliugua akapona, na katika karamu ya shukrani, iliyofanyika bustanini, alisimama akaahidi kwamba kila mgonjwa wa Yakutia, tajiri kwa maskini, atatibiwa kwa mali ya hazina pasi na kutoa kitu. Mawaziri sita wakatokwa na machozi ya furaha, wakanyanyua bilauri za sharubati na kusema, "Tumeridhia," na wapiga mbiu wakatumwa mitaani. Lakini bustanini hapakuwa na dele wala kikombe cha kahawa. Ahadi ilipitishwa kwa sharubati, na Barkashi hakuijua sharubati. Basi jini hakupata habari, na hazina haikupata habari, na waliopata habari ni wagonjwa peke yao.

Nao walikuja. Walikuja kwa miguu na kwa punda na migongoni mwa watoto wao, wakaijaza Nyumba ya Shifaa, ambayo mkuu wake alikuwa tabibu Ghanima binti Rajwani, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye maneno machache na wasiwasi mwingi. Ghanima aliifungua milango kwa sababu mbiu ilisema ifunguliwe. Dawa zilipoisha aliandika barua kwa mawaziri, na kila barua ilijibiwa kwa lugha tamu kwamba ahadi ya Sultani haina shaka. Akauza vikuku vyake, kisha akauza nyumba ya marehemu baba yake, akahamia na mdogo wake Thurea katika chumba kimoja nyuma ya ghala la dawa, ghala ambalo lilikuwa na harufu ya dawa tu.

Ndipo ikaingia homa ya kutetema. Homa hiyo dawa yake ni moja, gome la mti wa dharnabu, na mgonjwa akifika siku ya saba bila kulinywa, harudi. Watu arobaini walilala nayo katika Nyumba ya Shifaa, na wa arobaini alikuwa Thurea, ambaye Ghanima alimlea tangu mama yao alipofariki, na siku hiyo Thurea alikuwa katika siku ya sita. Nje ya lango la mji palikuwa na msafara wa ngamia wenye mizigo miwili ya gome hilo. Mkuu wa msafara alikwisha kusema kwamba jua likifika utosini ataondoka, anunuliwe asinunuliwe, na hatarudi mpaka mwaka ujao.

Ghanima akambusu mdogo wake kwenye paji la uso, likamwunguza midomo, akaenda kwenye diwani asubuhi na mapema.

Alipoingia alisimama pembeni, penye sakafu tupu, kwani zulia halikuwa la watu kama yeye. Lakini Waziri Kabashi, mkongwe kuliko wote, alipenda sana aonekane mpole mbele ya Sultani, akamwambia aketi asijichoshe. Ghanima akaketi ukingoni mwa zulia. Papo hapo mvuke ukatoka katika mdomo wa dele, ukawa mkono mrefu wa kijivu, na mkono ukamwekea kikombe na kukijaza. Hakuna aliyeangalia. Mawaziri walikuwa wanatafuta mito ya kuegemea, maana walijua mazungumzo yatakuwa marefu, kwa kuwa wao ndio watakaoyarefusha.

Kabashi akafungua kwa kuisifu ahadi. Aliisifu kwa urefu na kwa upana, akamsifu Sultani aliyeiahidi na baba yake na babu yake, na akahadithia ugonjwa wake mwenyewe wa goti. Baada yake Waziri Mughira, mlinzi wa hazina, mtu mwenye sauti laini asiyepata kukataa jambo waziwazi maishani mwake, akasema anaipenda ahadi hiyo kama anavyowapenda wanawe, ila angependa kwanza ifahamike kama ilipitishwa au haikupitishwa. Wengine wakasema ilipitishwa, kwani walilia. Wengine wakasema kulia si kugeuza kikombe. Waziri wa bandari akauliza mgonjwa ni nani hasa, na je, mwenye jino bovu naye ni mgonjwa, na mwenye huzuni je? Wakalizungumza jino mpaka kivuli cha nguzo kikafupika kwa nusu. Na kila aliyesema koo lilimkauka, na koo likikauka mkono wa kijivu ulikuwa tayari, na kahawa ilikuwa nzuri.

Ghanima hakunywa. Kikombe alikiacha kimejaa mbele yake. Kila mara alitazama kivuli cha nguzo, na kila akikitazama alikikuta kifupi kuliko alivyotarajia. Alipopewa nafasi alieleza kwa maneno machache: watu arobaini, gome la dharnabu, msafara lango la mashariki, adhuhuri. Mawaziri wakatikisa vichwa kwa majonzi ya kweli. Kisha Mughira akapendekeza, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito na linastahili kuheshimiwa, liahirishwe mpaka mwezi ujao, liundiwe kamati.

"Tumeridhia," wakasema, na vikombe sita vikageuzwa, na Sultani, uso wake ukiwa umeinamia zulia kwa aibu, akageuza cha saba.

Wakajishika magoti ili wainuke. Magoti yakakataa. Ikatoka sauti ndani ya dele, sauti ya mtu aliyechoka miaka mingi, ikasema, "Kimoja kimesimama."

Ndipo wote wakamwona Ghanima, na kikombe kilichojaa mkononi mwake.

Hakuwa amepanga hila yoyote, na asije mtu akamsingizia werevu asiokuwa nao saa ile. Aliposikia neno la kuahirisha vidole vyake vilikishika tu kikombe, kama mtu anavyoushika mlango anaofungiwa. Lakini alipoiona hofu ndogo imepita katika uso wa Mughira, alielewa alichokishika. Akakisogeza karibu na kifua.

Kabashi akamwambia kwa upole kwamba binti hakuelewa taratibu, na ageuze tu, hakuna atakayemlaumu. Ghanima akajibu kwamba taratibu anazielewa, na kwamba anaona bado hawajaafikiana. Waziri wa bandari akasema mwanamke huyu si mtu wa diwani. Sauti katika dele ikasema kwamba yeye humimina kwa aliyeketi, na aliyemketisha ni Waziri Kabashi.

Basi wakavisimamisha vikombe vyao, wakaanza upya. Na kahawa ya Barkashi haipoi, na kikombe cha Ghanima kilikuwa kimejaa, na kiganja chake kikaanza kuwaka. Akahamishia mkono wa kushoto, akarudisha wa kulia. Mlangoni akatokea Ferdhi, bawabu wa Nyumba ya Shifaa, mzee asiyeruhusiwa kupita kizingiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba Thurea hawatambui watu tena, anamwita mama yake.

Ghanima akageuka ghafla kuelekea mlangoni, kahawa ikamwagika juu ya kidole chake. Akawaza kwamba anamlinda mdogo wake kwa kumkalia mbali, na kwamba huenda jua litafika utosini naye yuko hapa hapa, kikombe mkononi, gome limekwenda na Thurea hana dada kando yake. Hakuwa amepata kuogopa namna ile.

Mughira akaliona hilo, na akainamia upande wake kama ndugu. "Tabibu," akasema, "sisi sote tunataka jambo moja. Tuipitishe ahadi sasa hivi. Tuseme kwamba wagonjwa watapewa dawa kadiri hazina itakavyojaliwa. Ugeuze, ukamwone mdogo wako."

Maneno yalikuwa mazuri, na Ghanima alikuwa amechoka, na mkono wake wenyewe ulianza kuinamisha kikombe. Akauzuia. Akaligeukia dele na kuuliza, "Barkashi, wakipitisha hivyo, wewe utafanya nini?"

"Nitakwenda kwenye mlango wa hazina, bibi," jini akajibu, "nisimame hapo ningoje ijaliwe."

Ghanima akakisimamisha kikombe sawasawa.

Na hapo jambo jingine likajitokeza, jambo ambalo mababu walioweka taratibu hawakulifikiria, au pengine walilifikiria vizuri kuliko tunavyodhani. Mawaziri sita walikuwa wamekunywa kahawa tangu jua kuchomoza. Kabashi, ambaye umri wake haukumruhusu kustahimili sana, aliacha kuegemea mto, akaketi wima, akaanza kujipepea. Waziri wa bandari alipachika mguu wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, na akawa anahesabu taa za darini. Wengine watatu hawakuweza tena kusema sentensi ndefu. Sultani mwenyewe alikuwa ameuma mdomo. Na adhuhuri ilikaribia, na swala inataka tohara, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuahidi tohara yake kwa robo saa nyingine. Ni Ghanima peke yake aliyekaa na koo kavu, na kiganja kilichotoka malengelenge, na machozi ambayo hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Sema unachotaka, mwanangu," Kabashi akasema kwa sauti nyembamba, "lakini usiseme kwa urefu."

"Gome la dharnabu," akasema Ghanima, "mizigo yote miwili, ilipwe kwa ushuru wa bandari, ifike Nyumba ya Shifaa kabla ya adhana. Na dawa za kila mgonjwa wa Yakutia, kutoka fungu hilo hilo la ushuru, kila mwaka."

Vikombe vitano vikageuka kwa mlio mmoja. Mughira alibaki. Jasho lilimtiririka ndevuni, lakini mtu aliyelinda hazina miaka ishirini haachii kirahisi.

"Mwaka huu," akasema. "Mwaka huu tu. Mwakani tuzungumze tena."

Ghanima akatazama nguzo. Kivuli kilikuwa upana wa kidole. Alijua anachokubali, na alijua kwamba angekuwa na saa moja zaidi asingekikubali. Lakini saa hiyo haikuwa yake, ilikuwa ya Thurea.

"Mwaka huu," akasema.

Mughira akageuza, Sultani akageuza, na Ghanima akageuza, na kahawa ikalowesha zulia la mababu. Hapo dele likapiga kelele ya shaba, na moshi ukatoka ukafunika dari, ukapita dirishani kuelekea mashariki, na watu wa sokoni wakaona kioja ambacho wajukuu wao walikuja kukisimulia: ngamia wawili wanapita juu ya mapaa ya nyumba, wametulia, wanacheua, na mkuu wa msafara ananing'inia mkiani akiulizia malipo yake. Wakateremshwa uani mwa Nyumba ya Shifaa, na malipo yakamwangukia miguuni yule mtu, na muadhini akaanza kuadhini. Ama mawaziri, hakuna aliyeona kioja hicho, kwani walikwisha kutoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Ghanima alilisaga gome kwa mkono mmoja. Thurea alikunywa, akatapika, akanywa tena, na kabla ya magharibi alifungua macho akamwambia, "Dada, mbona mkono wako umeungua?" Ghanima akacheka na kulia pamoja. Watu thelathini na tisa walipona. Aliyesalia, mfinyanzi mmoja mzee aitwaye Shuwari, alikuwa amekufa asubuhi ile, na Ferdhi alipomweleza saa yenyewe, Ghanima alipiga mahesabu akaona kwamba ni wakati Waziri Kabashi alipokuwa akihadithia goti lake.

Baada ya siku arobaini Sultani, aliyekuwa mjane, alileta posa, na kwa mara ya kwanza alikuja mwenyewe, bila mpambe, akakaa kwenye jamvi la Nyumba ya Shifaa. Akasema, "Niliahidi bustanini nikadhani nimetenda. Nionee huruma, unioe niwe mtu wa maana." Watu wakacheka kusikia Sultani anaomba kuolewa, lakini Ghanima hakucheka. Akasema anakubali, na mahari yake si dhahabu. Mahari yake ni kwamba diwani, kila itakapoijadili ahadi hii, ihamishe zulia lake na dele lake, ikae katika ua wa Nyumba ya Shifaa, katikati ya wagonjwa.

Akaolewa, na harusi ikachezwa siku saba, na Mungu akamjalia mali na heshima. Lakini usingizi wa raha hakuupata, kwa sababu mwaka ni mfupi. Usiku wa kuamkia siku ya diwani malkia wa Yakutia alikuwa akizunguka chumbani, akihesabu mizigo ya dawa na kuwahesabu mawaziri, nani atageuza na nani atashikilia.

Siku ilipofika, zulia likatandikwa uani, na Waziri Mughira akasimama na karatasi ndefu, akamsifu Mungu, akamsifu Sultani, akavuta pumzi ili aingie katika mambo ya hazina. Miguuni pake alilala mwanamke mwenye homa, asiyejua waziri ni nani. Akamvuta pindo la joho.

"Baba," akauliza, "dawa ni leo au ni kesho?"

Mughira akamtazama, akaitazama karatasi. Ghanima, kule upande wa pili wa zulia, alikishika kikombe chake.

"Ni leo, mama," Mughira akasema, akaketi, akageuza kikombe.

Hii ndiyo habari yao kama ilivyotufikia. Mafunzo yake kwa wenye vyeo ni kwamba ahadi si mali ya anayeitoa, ni mali ya aliyelala anaingoja. Mwenye kusikia na asikie, nasi Mungu atukinge na homa, na atupunguzie hotuba.