Chui Aliyekula Oji

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, na walio nyuma wasikie!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi ya leo si ya kuchekesha.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Waigbo, wanyama walikaa kijiji kimoja. Walilima viazi vikuu. Walikuwa na desturi yao, wakaishika sana. Mgeni akibisha, anafunguliwa. Akiketi, analetewa oji, ile mbegu chungu ya mti wa kola. Mwenyeji anaiinua, anaiombea uhai, anaipasua, wanakula pamoja. Mkishakula oji, damu haimwagiki kati yenu. Ndivyo walivyoishi.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Viazi vikanyaukia ardhini. Njaa ikaingia.

Siku moja, jua la utosi, Nwokike, paa dume, alisikia mlango ukigongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Ikemba, chui wa ng'ambo ya kilima. Mbavu zilimtoka.

Ugodiya, mke wa Nwokike, akamvuta mumewe kando. "Baba Adanma, huyo ni chui."

"Ni mgeni, mke wangu."

"Chui mwenye njaa!"

"Tangu lini nyumba hii ikamfungia mgeni mlango?"

Ugodiya akatandika mkeka. Ikemba akaketi mkekani. Nwokike akaleta oji, akaiinua juu. "Tupate uhai, sisi na wewe."

"Na iwe hivyo," akasema Ikemba.

Kwacha! Oji ikapasuka. Wakatafuna. Hata Adanma, binti yao mdogo, alipewa kipande. Akakunja uso kwa uchungu wake, wote wakacheka. Ikemba naye akacheka.

Nwokike akatoka kuteka maji ya mgeni mtungini. Ugodiya akaenda jikoni kupuliza moto.

Chupu!

"Mama!"

Mara moja tu. Kisha kimya.

Nwokike alirudi na kibuyu cha maji mkononi. Mkeka ulikuwa umelowa damu. Ikemba hayupo. Adanma hayupo.

Ugodiya alilia mpaka sauti ikakauka. Kijiji kizima kikakusanyika. Wazee wakasema, "Ikemba asipewe moto. Asipewe maji. Asipewe salamu. Akifa, asizikwe."

Habari zilipomfikia, Ikemba alicheka. "Mimi nina kucha. Salamu zenu nitazila?"

Lakini homa haiogopi kucha. Ilimwangusha pangoni. Akaita, "Maji! Jamani, maji!" Wapita njia walisikia, wakapita. Akafa hivyo hivyo, ulimi nje. Tai wakashuka.

Wanyama wakasema, "Yamekwisha."

Hayakwisha, wasikilizaji wangu. Sungura alitia komeo mlangoni. Kanga akatia komeo. Kima akatia mawili. Oji zilikauka vyunguni, hakuna aliyezipasua. Mgeni akionekana mbali, watoto waliitwa ndani. Haraka! Haraka!

Akaja nungunungu jike, mjamzito, kutoka nchi iliyoungua kwa jua. Hakuna aliyemjua. Akabisha kwa Sungura. Ngo, ngo.

"Nipeni maji tu, ndugu zangu."

Kimya. Akabisha kwa Kanga. Kimya. Kwa Kima, kimya. Akajikokota mpaka kwa Nwokike. Ngo. Mkono wake sasa hauna nguvu.

"Mama mwenye nyumba... maji."

Ndani, Nwokike alimtazama mkewe. Mkewe alitazama mkeka. Hakuna aliyeinuka.

Kulipokucha walimkuta amelala nje ya mlango, amekufa, na mtoto tumboni.

Kijiji kikajaa pale. Sungura akatikisa kichwa. "Maskini. Laiti tungemsikia!"

Ugodiya akamgeukia. "Tulimsikia, Sungura. Wewe ulimsikia. Mimi nilimsikia. Sote tulimsikia."

Sungura akashika jembe. Walichimba kaburi, wakamlaza. Mzee wa kijiji akataka kumtaja jina ili amwombee, akafungua kinywa, akakifunga. Jina lake hakuna aliyeliuliza.

Nanyi mliokaa hapa, jueni hili. Anayemgeuka mwenyeji wake hamuui mmoja tu. Anawaua na wageni watakaobisha baada yake. Na anayemfungia mlango asiye na kosa, kwa ajili ya kosa la mwingine, naye ameua.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye kaburi lisilo na jina.