Neno Lililobaki Nje ya Geti

Nimeipata hii asubuhi kwenye kundi letu la wanakwaya, na aliyeileta hakusema ameitoa wapi. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni mpaka maziwa yakachemka na kumwagika. Naituma kama ilivyo. Wale wenye tabia ya kuruka mpaka mwisho, leo nawaomba mvumilie, mtajua kwa nini.

Tukuyu kulikuwa na fundi wa kurekodi aitwaye Obadia. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya magodoro ya zamani. Alikuwa na kompyuta mpakato, maiki moja, na hedifoni iliyofungwa plasta upande mmoja. Zile mashine za kusafishia sauti, zenye vitufe vingi na taa za rangi rangi, hakuwa nazo hata moja.

Lakini Obadia alikuwa ametulia akajifunza jambo ambalo wenzake walilipuuza. Ndani ya programu yenyewe ya kurekodia, kila alichohitaji kilikuwemo tayari. Akavipanga kimoja baada ya kingine, sauti ipite humo kama nguo zinavyotoka beseni la sabuni kwenda la kusuuzia. Mbele kabisa aliweka geti, linaloruhusu sauti kubwa na kuzuia kelele ndogo. Likafuata pambo, kama alivyoviita vichujio vya sauti vya programu ile, la kupunguza besi, kisha kompresa ya kubana sauti inayopanda ghafla, na mwisho mwangwi kidogo, mwimbaji asikike kama yuko kanisani. Mpangilio huo wote aliuita mnyororo wake.

Na katika mnyororo huo, fahari yake ilikuwa geti. Anayeijua Tukuyu anaelewa. Mvua ya kule ikianza kupiga mabati haiulizi nani anarekodi. Studio nyingine hufunga kazi na mafundi wakaenda kunywa chai. Obadia hakufunga. Alilipandisha geti lake juu, mvua ikabaki nje, sauti ya mwimbaji ikapita peke yake, safi.

Jumanne moja, mvua inanyesha hivyo hivyo, akaingia mama wa makamo amejifunga khanga mbili, mkononi ana kijiko.

"Shikamoo mama," alisema Obadia.

"Marahaba mwanangu. Nataka uichukue sauti yangu. Ijumaa wanaitoa."

"Nani anaitoa, mama?"

"Madaktari. Nina uvimbe kooni. Wamesema nitaamka mzima, ila kuongea ndiyo basi tena."

Obadia akamvutia kiti. Mama yule, anayeitwa Mama Tusa kwa jina la binti yake Tusajigwe, akaeleza shida yake bila kulia, maana kulia alishamaliza nyumbani.

Mumewe, Mzee Lutengano, alipata kiharusi miaka minne iliyopita. Tangu hapo hakusema neno, na upande wake wa kulia ulikufa ganzi. Baya zaidi, alisahau kumeza. Ukimpa uji anaupokea, anakaa nao mdomoni, anakutazama. Dawa ilikuwa moja tu. Mama Tusa alimwimbia wimbo waliouimba ujanani wakichuma chai, na mzee akameza, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli linaisha.

"Binti yangu amekuja kutoka Makambako kumlisha nikiwa hospitali," alisema. "Ameimba wimbo huo huo, baba yake hataki. Ni sauti yangu anayoitaka. Sasa nikirudi bila sauti, nani atamlisha mume wangu?"

Obadia akafunga mlango. Aliwasha kompyuta.

Alimweka mbele ya maiki, akamwomba aweke kijiko chini kisije kikagonga kitu. Mama Tusa akakataa. "Bila kijiko mkono wangu hautajua tuko wapi." Obadia akacheka, akakubali.

Mama Tusa akafumba macho na kuanza kuimba. Mkono wenye kijiko ukawa unapanda na kushuka taratibu, kama vile mzee amekaa pale mbele yake. Kila mstari ulipoisha, Obadia aliiona midomo yake ikicheza kidogo. Kwenye hedifoni palikuwa kimya kabisa. Alidhani anahesabu mapigo ya wimbo. Akafurahi zaidi kwamba geti linafanya kazi, maana hata mvua haikusikika.

Wimbo ukaenda dakika nane, urefu wa bakuli moja la uji. Ulipoisha mama akabaki amefumba macho, midomo inacheza tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. Obadia akasubiri kwa adabu. Alidhani anasali.

Alimsikilizisha mistari ya mwanzo. Mama Tusa akashika shavu. "He! Kumbe nina sauti ya msichana!" Nje gari la kumpeleka hospitali ya mkoani lilikuwa linapiga honi, kwa hiyo hakusikiliza hadi mwisho.

Kesho yake Obadia alishinda kwenye wimbo ule mmoja. Tuseme ukweli, aliupenda kupita kiasi. Alinyoosha palipotetemeka, akaongeza mwangwi, akapunguza ukali wa herufi fulani zilizochoma sikio. Jioni akamtumia Tusajigwe kwenye simu, akajiambia kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama hii.

Alhamisi saa nne asubuhi simu yake ikaita.

"Kaka Obadia, baba hali," alisema Tusajigwe, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Tangu juzi ni vijiko viwili vitatu tu. Nesi amesema tukifika kesho hivi, atawekewa mpira puani. Na mama ameniambia haingii chumba cha upasuaji mpaka asikie baba amekula. Upasuaji ni kesho asubuhi."

Obadia akatia kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, akatoka kwenye mvua hivyo hivyo mpaka kwao.

Alimkuta Mzee Lutengano amekaa karibu na dirisha, kitambaa kifuani. Tusajigwe akabonyeza simu. Sauti ya mama yake ikajaa sebule, tamu kuliko hata alivyoimba siku zake za kwaya. Mzee akageuza uso kuelekea kwenye simu. Akafungua mdomo, akapokea kijiko cha uji. Mstari ukaisha, kukawa kimya. Mzee akasubiri. Mstari wa pili ukaanza, ukaisha, akasubiri tena. Uji ukaanza kutoka pembeni ya mdomo na kushuka kidevuni, na machozi yakamtoka pamoja nao.

Tusajigwe akamfuta. "Umeona? Anajua ni mama. Lakini kuna kitu anakisubiri, na mimi sikijui."

Obadia akafungua kompyuta mezani. Uzuri wa mapambo yale ya ndani ya programu ni kwamba hukaa juu ya sauti tu. Ukiyazima, sauti ya mwanzo bado ipo chini, haijaguswa. Akaanza kuuvua mnyororo wake kutoka nyuma.

Akaondoa mwangwi, kwa kuwa Mama Tusa hakuwa akimlisha mumewe kanisani. Mzee akapokea kijiko, akasubiri.

Akaondoa kule kunyoosha. Sauti ikatetemeka palepale ilipotetemeka Jumanne. Mzee akatikisa kichwa kidogo, lakini hakumeza. Akaondoa kompresa, akarudisha besi. Hakuna kilichobadilika.

Likabaki geti. Obadia akaweka kidole, akasita.

"Nikilitoa hili, mvua yote itaingia."

"Iingie," alisema Tusajigwe.

Akabonyeza. Mvua ya Jumanne ikaingia ndani ya mvua ya Alhamisi, sebule nzima ikavuma. Mama Tusa akaimba mstari wa kwanza. Mstari ukaisha. Na chini ya ile mvua, ikasikika sauti ndogo, ya mtu anayesema na mtu aliye karibu naye kabisa:

"Haya, baba Tusa. Meza."

Mzee Lutengano akameza.

Tusajigwe akabaki kijiko hewani. Mstari wa pili ukaja, na baada yake sauti ile ile: "Meza, mume wangu. Polepole." Mzee akameza. Mstari wa tatu: "Kingine hicho. Meza." Akameza. Binti analisha huku analia, uji unamwagikia mkononi, na hakuna aliyejali.

Bakuli likaisha pamoja na wimbo. Obadia akanyoosha mkono kuzima. Kabla hajafika, sauti ndogo ikarudi. Ni pale Obadia alipodhani mama anasali.

"Umeshiba? Haya. Sasa nisikilize. Nikirudi sitakuwa na sauti. Usinitafute kwa masikio, baba Tusa. Nitazame. Nitakuwa ni mimi yuleyule."

Obadia akatoka nje, akasimama barazani. Alilia kama mtoto, na sioni aibu kulisema hilo kwa niaba yake. Siku nzima alikuwa amemsafisha mama wa watu mpaka akamfuta mdomoni neno alilokuja kulisema.

Ndani, Tusajigwe alikuwa amempigia mama yake.

"Amekula, mama. Bakuli zima."

"Ashukuriwe Mungu. Nilijua tu wimbo utafanya kazi."

"Si wimbo, mama. Ni vile unavyomwambia ameze."

"Nani? Mimi?"

"Wewe, mama. Kila mstari ukiisha unamwambiaga, 'meza'."

 Miaka minne, mara tatu kwa siku, na Mama Tusa hakuwahi kujisikia akisema neno lile. Lilitoka lenyewe kama pumzi. Kisha akaangua kicheko, kile kicheko chake kikubwa ambacho hawakukisikia tena baada ya siku hiyo.

"Jamani! Miaka minne najikausha koo kwa nyimbo, kumbe neno moja lingetosha!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema taratibu, "Haya, mwanangu. Nawaambia madaktari naingia."

Wiki tatu baadaye alirudi nyumbani, skafu shingoni. Obadia alikuwepo, alialikwa. Mama Tusa hakupumzika hata kidogo. Alinawa mikono, akachukua bakuli na kijiko, akakaa mbele ya mumewe. Tusajigwe akaweka simu kwenye stuli na kuiwasha. Wimbo ukaanza, mzee akafungua mdomo, akapokea kijiko cha kwanza.

Hapo hapo mvua ikashuka. Sijui niseme vipi wale ambao hamjawahi kukaa chini ya mabati ya Tukuyu mkanielewa. Ilipiga kiasi kwamba simu ilikuwa inaimba na hakuna aliyesikia kitu. Tusajigwe akairukia, akaongeza sauti mpaka mwisho. Bure. Akamtazama Obadia kama vile yeye ndiye mwenye funguo za mvua.

Mzee Lutengano hakuwa anaiangalia simu. Alikuwa anamtazama mkewe.

Na Mama Tusa, asiye na sauti tena, akainama karibu naye, akachezesha midomo. Haya, baba Tusa. Meza.

Akameza.

Akapewa kijiko cha pili. Midomo ikacheza, akameza. Katikati ya bakuli akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akaugusa mdomo wa mkewe kwa vidole viwili, akauacha hapo kidogo, kisha akafungua mdomo wake kuomba kingine. Obadia akanyoosha mkono, akaizima simu. Hakuna aliyegundua.

Wanasema studio ya Obadia bado ipo, na geti bado analitumia, maana mvua nayo haijaacha kazi. Ila siku hizi, kabla ya kuliwasha, humuuliza kila anayekuja kurekodi, mzee au kijana: "Kuna mtu unayemsemesha humo ndani ya wimbo? Niambie nimwachie mlango."

Mtumie hii yule anayekusemesha kwa sauti ndogo kila siku mpaka umezoea na husikii tena. Hata kama yuko chumba cha pili hapo nyumbani kwako, mtumie.

Funzo: Kabla hujainyamazisha sauti ndogo kwa kuona ni kelele, uliza kwanza inamsemesha nani, huenda kuna mtu amefungua mdomo anaisubiri.